Mbia Hapatikani au Mbia Ameanguka? Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili za Seva Pacha za DHCP kwa Mtumiaji wa Nkungu, Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki jinsi Kiswahili kinavyotumika kueleza usanidi na usimamizi wa seva za DHCP zinazofanya kazi kwa jozi, ili moja ikishindwa nyingine iendelee kugawa anwani za mtandao. Kipimo cha uhakiki ni mtumiaji wa Nkungu, Wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, ambako Kiswahili hukutana na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Inajadiliwa kwamba udhaifu wa istilahi zilizopo hautokani na uchache wa maneno. Unatokana na mazoea ya kuunda neno mojamoja bila kuzingatia uhusiano wa hali ambazo maneno hayo yanazitaja. Tofauti inayopotea mara nyingi zaidi ni ile iliyopo kati ya seva isiyosikika na seva iliyothibitishwa kuanguka, na kupotea kwake kunaweza kuusimamisha mtandao mzima wa ofisi.

Nkungu na lugha za chumba cha seva

Nkungu ni mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 eneo hili lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu, na jina hilo la zamani halijatoka midomoni mwa watu. Ng'ambo ya Mto Rusizi ni Bukavu. Kusini, upande wa Bugarama, njia inaingia Burundi. Kwa hiyo Kiswahili kinachosikika sokoni kimepitia Bukavu zaidi kuliko Dar es Salaam, na kimebeba maneno ya Kifaransa. Kinyarwanda ni lugha ya nyumbani. Kiingereza kilipewa nafasi ya lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa mwaka 2008. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Kwa karani wa sekta, urasmi huo una sura moja. Kwa fundi wa mtandao una sura nyingine. Mtumiaji wa mezani alikwisha kufikiriwa zamani. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ikatoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows katika muongo huohuo. Windows Server, ambamo huduma ya DHCP husanidiwa, haina toleo la Kiswahili. Anayeandika barua amepewa lugha yake, ilhali anayeamua kama kompyuta ya mwandishi huyo itaingia mtandaoni ameachwa na lugha ya kigeni. Ni vigumu kuona kwamba mgawanyo huo ulifikiriwa na mtu yeyote. Ulitokea tu, na sera zimeuzoea.

Mgeni anayeitwa mwenyeji

Kazi ya DHCP si ngumu kueleza. Kifaa kinapowashwa hakina anwani, na bila anwani hakiwezi kuzungumza na kifaa kingine kwa jina lake. Kinatoa wito kwa wote walio karibu kuuliza kama kuna seva. Seva inayosikia inapendekeza anwani, kifaa kinaiomba rasmi, seva inathibitisha. Hatua hizo nne zilifafanuliwa na Ralph Droms katika waraka wa RFC 2131 wa Machi 1997. Anwani hutolewa kwa muda: nusu ya muda ikipita, kifaa humwendea aliyekipa na kuomba kuhuishiwa; asilimia 87.5 ikifika bila jibu, huomba kwa seva yoyote itakayosikia.

Sasa itazamwe tafsiri ya jina lenyewe. Herufi ya H katika kifupisho hicho husimamia neno ambalo kamusi za jumla hulitafsiri "mwenyeji". Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapopotezwa tangu mstari wa kwanza. Mwenyeji ni mtu wa mahali, mwenye nyumba, anayempokea anayebisha hodi. Katika DHCP kinachobisha hodi ni kifaa hicho hasa: kimefika hakina pa kulala, kinauliza kama kuna nafasi. Kukiita mwenyeji ni kuigeuza hadithi kichwa chini, na mwanafunzi akiulizwa nani anampa nani anwani atajibu kinyume bila kuwa mzembe. Herufi ya D nayo imepatwa na mkasa kama huo. Anayefuata kamusi ya jumla hukuta "-enye nguvu", na itifaki ikaonekana kuwa na misuli, ilhali kinachotajwa ni kwamba mgao wa anwani hubadilika kulingana na hali. Neno "kifaa" kwa H na kivumishi "badilifu" kwa D vingetosha. Havina mbwembwe, lakini havidanganyi.

Kukodi, kupanga, kuazima

Neno la pili linalostahili kukaliwa ni lile la mkataba wa muda kati ya seva na kifaa. Hapa Kiswahili kina utajiri, na utajiri huo una mitego. Mtu hukodi baiskeli au gari kwa saa au siku. Hupanga chumba kwa mwezi. Huazima jembe la jirani bila kulipa. Anwani ya mtandao hailipiwi kodi, hivyo "kuazima" kungefaa, isipokuwa kwamba mwazimaji wa jembe mara nyingi hapewi tarehe ya kurudisha, na DHCP bila tarehe si DHCP. Tena "kuazima" katika matumizi ya watu wengi hutaja mpaji na mpokeaji kwa pamoja.

"Kupanga" kuna tatizo kubwa zaidi. Sentensi "seva imepanga anwani" ina maana mbili zisizopatana: seva imeziweka anwani katika utaratibu, au seva imekuwa mpangaji. Mnyambuliko wa kutendesha huondoa utata huo, kwani "kupangisha" hakuna maana ya kuweka utaratibu. Lakini mwongozo wa kiufundi hauandikwi kwa sentensi kamili tu. Una vichwa, vitufe na safu za majedwali, na humo hubaki jina tupu, "upangaji", ambalo haliwezi kujitetea.

Imebaki "kukodi" na "kukodisha". Mtu wa pwani husikia mara moja nani ametoa na nani amechukua. Nkungu hali ni tofauti. Kinyarwanda kina kitenzi "gukodesha", chenye asili moja na cha Kiswahili, nacho hutumika kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji pia. Msomaji anayefikiri kwa Kinyarwanda na kusoma Kiswahili ataiona sentensi "kifaa kimekodisha anwani" kuwa sahihi kabisa, wakati kwa mujibu wa Kiswahili sanifu inasema kifaa ndicho kilichotoa anwani. Kamati ya istilahi inayokutana Dodoma au Nairobi haiwezi kulijua hili kwa kukaa mezani. Ni jambo la kusikilizwa Rusizi.

Pendekezo lililo salama zaidi ni kutenganisha mzizi na tendo. Mkataba wenyewe uitwe "pango", neno ambalo tayari lina muda na mipaka ndani yake, na kitendo cha seva kiitwe "kutoa", cha kifaa "kupewa". Seva hutoa anwani kwa pango la siku nane, kifaa hupewa. Kurefusha pango ni "kuhuisha", kama leseni inavyohuishwa. Uwazi, ambao Kiingi aliuweka miongoni mwa vigezo vyake vinavyojulikana kwa kifupisho cha PEGITOSCA, hupatikana kwa njia hii bila neno jipya hata moja.

Mbia asiyesikika

Yote yaliyotangulia ni usumbufu. Fundi mwerevu atauvuka kwa uzoefu. Seva mbili zinapowekwa pamoja, jambo linakuwa zito.

Ikumbukwe kwanza kwamba utaratibu wa seva pacha za DHCP kwa anwani za IPv4 haukupata kamwe kuwa kiwango kamili. Rasimu iliyojadiliwa kwa miaka ndani ya IETF iliachwa mwaka 2003 bila kukamilishwa. RFC 8156 ya mwaka 2017 inahusu IPv6 pekee. Kila mtengenezaji alichukua rasimu na kuifuata kwa namna yake. ISC iliiweka katika programu yake ya DHCP, ambayo matunzo yake yalikoma mwishoni mwa mwaka 2022. Microsoft iliingiza utaratibu wake katika Windows Server 2012. Kea, mrithi wa programu ya ISC, iliacha rasimu na kujenga njia nyingine. Mfasiri anayetafuta matini moja ya chanzo hataipata, na orodha yoyote ya istilahi inayojifanya kutafsiri matini moja inajidanganya.

Bila kujali mtengenezaji, kuna mipango miwili ya msingi. Katika mpango wa kugawana mzigo seva zote mbili huhudumu, kila moja ikiwa na fungu lake la anwani zilizo wazi. Katika mpango wa akiba seva moja hufanya kazi na nyingine hungoja. Seva hazisubiriani kabla ya kumjibu mteja: iliyopokea ombi hutoa anwani kwanza, ndipo humjulisha mbia wake. Kwa kuwa taarifa huchelewa, umewekwa ukomo wa muda ambao pango la mteja linaweza kutangulia kile ambacho mbia anakijua. Katika Windows Server ukomo huo kwa chaguo la awali ni saa moja, ingawa pango la kawaida ni siku nane. Hiki ndicho kiini cha usalama wote wa jozi.

Mawasiliano kati ya wabia yakikatika, kila seva huingia katika hali ya tahadhari. Huendelea kutoa anwani kutoka fungu lake tu, na kwa mapango mafupi yasiyovuka ukomo ule. Haigusi fungu la mwenzake, kwa sababu haijui kama mwenzake amezimika au wamekatiwa tu njia ya kuzungumza. Hali ya pili ni tofauti kabisa: mbia ametangazwa kuwa ameanguka. Hapo, baada ya kusubiri ukomo kupita, seva iliyobaki hulichukua fungu lote. Katika Windows Server tangazo hilo hutolewa na msimamizi kwa mkono wake. Ubadilishaji wa kujiendesha upo, lakini haukuwashwa tangu awali, na ukiwashwa husubiri dakika 60 isipokuwa msimamizi amebadili muda huo.

Lugha ya mafundi wa Afrika Mashariki inazitaja hali hizi mbili kwa msemo mmoja: "seva iko chini". Ni tafsiri sisisi ya Kiingereza, na kwa Kiswahili safi inamaanisha kwamba seva imewekwa sakafuni. Kasoro ya mtindo ingesameheka. Kisichosameheka ni kwamba msemo huo hautofautishi kutosikika na kuanguka.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa ofisi ya sekta ya Nkungu yenye seva mbili na anwani 254. Mtu amebadilisha kanuni za kichujio cha usalama na kuifunga bila kukusudia bandari ya TCP 647, ambayo wabia huitumia kuzungumza. Seva zote mbili ni nzima na wateja wanazifikia zote mbili. Ni wao wenyewe tu wasiosikizana. Fundi aliyepo zamu anapiga simu Kamembe na kusema seva ya pili "iko chini". Anayemsikiliza anamwambia aitangaze kuwa imeanguka. Saa moja baadaye seva ya kwanza inaanza kutoa anwani za fungu la pili, ambazo seva ya pili nayo ingali inazitoa. Kompyuta mbili zinapata anwani moja. Raia aliyekuja kuomba hati ya kuzaliwa kupitia Irembo anaambiwa mtandao unasumbua, arudi kesho. Hakuna mtambo ulioharibika katika kisa hiki, wala fundi hakukosa ujuzi wa kubonyeza. Kilichokosekana ni neno la kumwambia mwenzake kile hasa alichokiona.

Kea inazidi kuonyesha kwamba tofauti hii si ya wanaisimu tu. Seva ya Kea isiposikia mapigo ya mbia haikimbilii kutangaza anguko. Huanza kutazama maombi ya wateja yaliyopaswa kujibiwa na mbia, na kuhesabu wanaoendelea kuomba bila jibu. Wakizidi idadi iliyowekwa, ambayo kwa chaguo la awali ni 10, ndipo huhitimisha kwamba mbia ameanguka. Kwa ofisi ndogo ya mlimani hili si jambo la pembeni: penye kompyuta nane, idadi ya wasiojibiwa haiwezi kuzidi 10, na seva itangoja ushahidi usioweza kuja. Fundi lazima apunguze namba hiyo, na ili aipunguze lazima aelewe maelezo yake. Istilahi "wateja wasiojibiwa" ingemweleza kazi ya namba hiyo kwa maneno mawili.

Kiswahili kilikuwa nalo

Cha kushangaza ni kwamba Kiswahili cha umma kilikwisha kulitatua tatizo hili kabla wanaistilahi hawajaliona. Kila mwenye simu katika kanda hii amewahi kuambiwa na sauti ya kampuni kwamba mteja anayempigia hapatikani. Sauti hiyo haisemi kwamba mteja amefariki, wala kwamba simu yake imeharibika. Inasema kile tu ambacho mtandao unaweza kukijua: alitafutwa, hakupatikana. Hakuna mpigaji anayesikia "hapatikani" akaanza kugawana urithi wa mwenzake.

Hali ya kwanza ya seva pacha, basi, ina jina tayari: "mbia hapatikani". Hali ya pili iitwe "mbia amethibitishwa kuanguka", ndefu kidogo, na urefu huo ni faida. Kauli ya kutendwa katika "amethibitishwa" huacha nafasi wazi ambayo msomaji wa Kiswahili huijaza kwa swali: na nani? Kivumishi kifupi kama "mfu" au "zimwa" hakiulizi swali hilo. Katika Windows Server jibu ni msimamizi, au saa iliyowekwa. Katika Kea jibu ni wateja wasiojibiwa. Neno moja linatosha kwa watengenezaji wote wawili kwa sababu halisemi nani, linadai tu kwamba awepo.

Kwa utaratibu mzima, pendekezo linalovutia ni "ukaimu". Kila mtumishi wa umma kutoka Mombasa hadi Kigoma anamjua kaimu: anashika kiti, anatia saini za lazima, hagawi viwanja. Ulinganifu na seva iliyo katika tahadhari, inayotoa mapango mafupi tu na kuliacha fungu la mwenzake, ni wa karibu mno. Kinyarwanda kina "umusigire", mtu aliyeachiwa kazi ya mwingine, na upande wa Bukavu ofisi za Kifaransa zina interimu. Hata hivyo "ukaimu" unafaa mpango wa akiba peke yake. Katika kugawana mzigo hakuna anayemkaimu mwenzake. Wote wawili ni wenye kiti. Kuuita utaratibu wote ukaimu kungerudisha kosa lilelile la neno moja kufunika hali mbili. Jina la jumla libaki "ubia wa seva", na "ukaimu" ubaki jina la mpango mmoja na la tendo la kushika nafasi.

Orodha na uhusiano

Chanzo cha udhaifu huu ni cha muda mrefu. Tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya BAKITA katika miaka ya 1970, istilahi za Kiswahili zimezoea kutolewa kwa orodha: neno la kigeni kushoto, la Kiswahili kulia. Orodha zilifanya kazi kubwa, na asiyezishukuru hajui hali ilivyokuwa kabla yake. Lakini orodha ya alfabeti huliweka jina la hali moja mbali na jina la hali jirani yake, na mtunzi hushughulikia kila moja siku tofauti, akiridhika kwamba kila moja ina kisawe. Hali za seva pacha ni ngazi: kawaida, hapatikani, amethibitishwa kuanguka, anarejea. Haziwezi kupewa majina isipokuwa kwa pamoja, kama ambavyo haiwezekani kutunga majina ya siku za juma kwa kuanza na Jumatano.

Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya nchi wanachama, jambo hili lina gharama ndogo kuliko linavyoonekana. Halihitaji kutafsiri Windows Server. Linahitaji ukurasa mmoja wa maneno yasiyozidi ishirini, uliotungwa kwa kufuata hatua za mtambo na si herufi, kisha ujaribiwe kwa mafundi wa pande mbili za Mto Rusizi. Jaribio lenyewe lisiwe la kuuliza kama neno linapendeza. Fundi aonyeshwe ujumbe "mbia hapatikani", aulizwe atafanya nini sasa; aonyeshwe "mbia amethibitishwa kuanguka", aulizwe tena. Majibu mawili yakifanana, istilahi imeshindwa, hata kama kamati imeipenda.

Sambamba na hilo, daftari la zamu katika ofisi ya sekta liwe na safu tatu ambazo kwa sasa lugha ya "iko chini" haizihitaji: saa ambayo mbia aliacha kupatikana, saa alipothibitishwa kuanguka, na jina la aliyethibitisha.